Kilo Hamsini na Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe tano Agosti, fimbo iligongwa ukutani mara tatu. Datius Kaijage aliacha kikombe cha chai mezani, akapita uani, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Mkewe, Immakulata, alisogea dirishani akaangalia njia inayopita katikati ya migomba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila fimbo ilipogongwa mara tatu: kutazama kama kuna mgeni anayekuja.

Hakukuwa na mgeni. Datius alimfunua baba yake blanketi, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akambeba hadi chooni. Hatua kumi na tisa. Alimsubiri, akamwosha, akambadilisha nguo, akamrudisha. Hatua nyingine kumi na tisa. Katika shughuli yote hiyo Mzee Kaijage, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alifumba macho. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea upande wa kulia na maneno yote miezi ishirini na miwili iliyopita. Kilichobaki ni mkono wa kushoto na fimbo. Akigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara tatu, njoo.

Kijiji kizima cha Kaagya kiliamini kwamba kuna mtu wa zahanati anayekuja kumhudumia mzee. Datius ndiye aliyeitoa habari hiyo, na Immakulata akairudia kila alipoulizwa. Mtoto wa kiume hamvui baba yake nguo, na mkwe wa kike haingii kabisa chumba alicholala mkwewe. Nyumba ilikuwa na watu wazima watatu tu. Hata Joackim, mdogo wake Datius aliyekuwa Mwanza, aliambiwa habari ya mtu wa zahanati, naye akashukuru kwa simu.

Ni Joackim huyo huyo aliyepiga asubuhi ile, Datius akiwa bado anajifuta mikono.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mzee Byabato amekubali tarehe. Ijumaa ya tarehe kumi na sita tunamchukua Lilian, Jumamosi misa. Lakini ametoa sharti."

Mzee Byabato wa Kagoma, wilayani Muleba, alikuwa babu yake Lilian, mchumba wa Joackim, na kwa kuwa baba yake Lilian alikwisha kufariki, neno lake ndilo lililobaki. Alitaka binti atoke nyumbani kwake kama walivyotoka shangazi zake: mtu wa upande wa bwana harusi asimame uani na mkuki, ajigambe.

"Tukodi mtu," alisema Datius. "Wako wengi Bukoba."

"Ndilo sharti lenyewe, kaka. Asiwe wa kukodi. Awe damu yetu. Asishike karatasi, asishike kipaza sauti. Na awe na shahidi pale pale, wa kuulizwa kama anachosema ni kweli. Unakumbuka dada yake Lilian? Wakwe zake walikwenda na mtu wa kukodi. Mzee alimuuliza babu wa tatu wa bwana harusi anaitwa nani, jamaa akababaika. Walirudishwa na magari yao matano. Ndoa ilifungwa miezi minane baadaye."

"Jigambe wewe."

"Bwana harusi hajigambi siku yake. Ni wewe, kaka. Na shahidi ni baba. Hatuna wengine."

Datius alikata simu, akatazama mikono yake. Immakulata alikuwa amesikia.

"Baba Evelyne," alisema, "wewe hata kusoma somo kanisani uliomba udhuru. Ulisema una mafua."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya Pasaka na Krismasi?"

*

Datius alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na sita kati ya hiyo alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Msimu ulikuwa umeshika kasi. Wakulima walileta magunia, yeye akatazama mshale, akataja namba, akaandika. Aliaminika kwa sababu hakuwahi kutaja namba isiyokuwepo. Hakuwa na maneno mengine, na wakulima walimtania kwamba karani akikusalimia, jua gunia lako limezidi.

Sauti ya nyumba ile ilikuwa ya baba yake. Kabla ya kiharusi, hakuna harusi kati ya Kaagya na Kanazi ambayo Kaijage hakuombwa kushika mkuki. Alikuwa na majigambo yake, mistari ishirini na minne, ambayo kila mtu mzima aliijua: jinsi alivyovuka mto Kagera wakati wa vita akiwa mgambo, jinsi alivyokata njia kwenye mafunjo, watu arobaini wakapita nyuma yake. Mtoto wa kwanza anaruhusiwa kuyasema kwa kinywa cha nyumba, akitumia "mimi" kana kwamba ni yeye. Datius aliyajua yote. Hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu.

Jioni ile alisimama uani akajaribu. Immakulata alikaa kwenye kigoda akimenya ndizi, bakuli miguuni. Mlango wa chumba cha nyuma uliachwa wazi ili mzee asikie.

"Mimi nisiyeitwa mara mbili," alisema Datius.

"Nani?" aliuliza Immakulata.

"Mimi."

"Sijasikia. Na mimi niko hapa, ndizi ninazimenya kimya kimya."

Alirudia. Katika mstari wa tano sauti ilikwama, akakohoa, akasema "samahani," akaanza upya. Chumbani fimbo iligonga mara mbili.

"Baba amesema hapana," alisema Immakulata. Hakucheka. "Jumamosi nenda kwa Mama Vipul."

"Yule wa vitambaa?"

"Alikuwa anafundisha watu kupanda jukwaani, kabla jamaa zake hawajaondoka. Aliniambia mwenyewe."

*

Duka la Laxmidas lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko la Bukoba: vitambaa vya sare, vifungo, uzi, zipu. Bhagwati Laxmidas, ambaye wateja walimwita Mama Vipul, alikuwa na miaka sabini na miwili na alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo. Mwanawe Vipul alikuwa mezani mbele. Zamani ukumbi wa jumuiya yao ya Wahindi ulikuwa na jukwaa na pazia jekundu, na Bhagwati alifundisha watoto maigizo kwa miaka kumi na tisa. Kisha familia zikapungua hadi tatu, ukumbi ukawa stoo ya sabuni.

Alimsikiliza Datius hadi mwisho. Kisha akauliza, "Siku ngapi?"

"Sita, ukiondoa leo."

"Zinatosha kumfundisha mtu asianguke. Hazitoshi kumfanya awe mzuri. Tunakubaliana?"

"Ndiyo, mama."

"Simama pale, kati ya khaki na kitenge. Shika hii." Alimpa fimbo ya kupimia vitambaa. "Huo ni mkuki. Njoo mbele uniambie jina lako."

Datius alikuja mbele akasema jina lake.

"Umeanza kusema kabla hujafika. Ona miguu yako, mmoja bado unatembea. Fika. Simama na miguu yote miwili. Vuta pumzi hadi mkanda wako ukubane. Hesabu moja, mbili, tatu. Ndipo useme. Utadhani umenyamaza mwaka mzima. Waliokaa wataona mtu asiye na haraka."

Alirudia mara nane. Mteja aliyeingia kununua zipu alisubiri bila kuuliza.

"Sasa neno la mwisho. Watu wageni na jukwaa hulimeza neno la mwisho kwa sababu wanakimbilia mstari unaofuata. Wewe unataja kilo, siyo? Unasema 'kilo sitini na...' halafu unameza namba?"

"Siwezi. Mkulima atagomba."

"Basi kila neno la mwisho ni namba. Na msemee mtu wa mwisho kabisa, yule aliyesimama nyuma anayetaka kuondoka. Akisikia yeye, wote wamesikia. Usipige kelele, mpelekee tu."

"Mzee Byabato atakuwa amekaa mbele. Kwetu mzee hatazamwi machoni."

"Mtazame kofia. Yeye atadhani unamtazama, wewe utajua ni kofia." Aliinamia meza. "Koo. Siku hiyo unywe maji ya uvuguvugu. Maziwa hapana. Pombe ya rubisi hapana. Kahawa ya kutafuna hapana kabisa. Ganda lake linakausha koo na vipande vinanata."

"Mama, wakwe watanipa kahawa. Nikikataa, ni kama nimesema wanataka kunidhuru."

"Weka mfukoni."

"Wanatazama mdomo."

Bhagwati alifikiri. "Chukua moja. Iweke shavuni, usiitafune."

Vipul alicheka kutoka mezani. "Mama, mwambie na siku uliyopanda jukwaani mara ya kwanza."

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema Bhagwati bila kugeuka. "Nikajikojolea, mbele ya watu mia mbili. Nimevaa sari ya shangazi yangu. Nikaendelea hadi mwisho, na ndiyo sababu ninayo haki ya kukufundisha." Kisha akasema jambo la mwisho. "Utasahau. Si labda. Utasahau mahali fulani. Usiseme samahani. Usirudi nyuma. Usitazame chini kana kwamba maneno yameanguka. Sema kitu chochote unachokijua hata ukiamshwa usingizini. Wale watu hawana karatasi yako mkononi."

Alikataa kulipwa. Datius alinunua dazeni mbili za vifungo asivyovihitaji.

*

Jumatano usiku mistari ishirini na mitatu ilikuwa tayari. Datius alifika, alisimama, alihesabu, alisema. Immakulata alisimama mwisho wa kibanja, kwenye migomba ya mwisho, na kuinua mkono kila alipolisikia neno la mwisho. Uliobaki ulikuwa mstari mmoja, wa kumi na tatu.

Aliingia chumbani akakaa kando ya kitanda.

"Baba, ule wa kumi na tatu niuache."

Fimbo: mbili.

"Hakuna atakayejua kwamba haupo."

Mbili.

Mstari wenyewe ulikuwa huu: *Mimi nisiyebebwa na mtu, ila mama yangu aliyenizaa.* Ndio mstari ambao Kaijage aliusema akisimama kwa mguu mmoja, na watu wakapiga vigelegele.

"Wataniuliza shahidi," alisema Datius. "Wakiniuliza kama ni kweli, wewe utagonga ngapi?"

Mzee alimtazama. Kisha akagonga mara moja, kwa nguvu, kwenye ubao wa kitanda.

Datius alimvutia baba yake blanketi hadi kifuani. Mwezi Juni daktari alitaka kujua uzito wa mgonjwa ili apange dawa, na Datius alimpeleka baba yake stoo ya chama alfajiri, kabla ya watu, akamketisha na kiti kwenye mizani ya kahawa, akatoa uzito wa kiti. Kilo hamsini na nne. Aliandika namba hiyo nyuma ya cheti cha hospitali, na hakumwonyesha mtu ila daktari.

"Nitausema," alisema. "Ni mstari wako."

Alipotoka, Immakulata alikuwa anapiga pasi suti.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Utausema uongo mbele ya yule mzee?"

"Si uongo wangu."

"Utatoka kwenye mdomo wako, Baba Evelyne."

*

Ijumaa walifika Kagoma saa nane kasorobo, magari mawili. Kaijage aliketi kiti cha mbele amevaa kanzu nyeupe na koti, fimbo mapajani. Joackim na Datius walimtoa garini wakiwa wamemshika kwapani, wakamketisha kwenye kiti chenye mikono katika mstari wa kwanza wa wageni. Ilionekana kama heshima ya kawaida kwa mgonjwa. Uani palikuwa na turubai mbili zinazotazamana, na kati yake nafasi ya nyasi zilizokatwa, kama hatua ishirini.

Mshereheshaji wa upande wa bibi harusi, Muharami, alikuwa na kipaza sauti na suti ya rangi ya maziwa.

"Wageni wetu wa Kaagya wamefika! Nasikia anayejigamba ni karani wa mizani. Jamani, leo atapimwa yeye! Tutaona kama hajaweka mawe chini ya gunia!"

Watu walicheka. Joackim naye alicheka, mapema kidogo kuliko wengine. Datius hakucheka. Alikuwa anatafuta mtu wa mwisho, na alimwona: mwanamume mwenye baiskeli, nje ya ua, mguu mmoja kwenye kanyagio.

Saa nane na nusu fimbo iligonga mguu wa kiti. Mara tatu.

Datius alimtazama baba yake, akatazama nyumba ya wakwe. Choo kilikuwa nyuma, baada ya jiko. Joackim aliinama. "Anataka nini? Yule mtu wa zahanati hamkuja naye?"

"Kaa na wageni," alisema Datius.

Alimsimamisha mzee na kumkokota hadi kona ya nyumba, Immakulata akifuata na mfuko wa nguo. Walipopita kona na turubai kutoonekana tena, alimbeba. Hatua ishirini na saba, akiwa na suti. Immakulata alisimama kwenye njia akatazama upande wa uani. Hakutazama upande wa jiko, na ni huko alikotokea mwanamke mwenye mzigo wa majani ya migomba kichwani. Mlango wa choo haukuwa na komeo. Mwanamke aliona alichokiona, akageuza uso.

"Mama," alisema Immakulata, "samahani, wewe ni nani?"

"Mimi Celina. Shangazi yake Lilian."

"Umeona mgonjwa."

"Nimeona." Celina alishusha majani chini taratibu. "Huyo si ndiye mtoto wake? Anayejigamba?"

Immakulata aliuhamishia mfuko wa nguo mkono wa pili.

"Mlisema kuna mtu wa zahanati. Posa ilipokuja tuliuliza ni nani atakuwa anamwosha mkwe, Lilian akiingia kwenye nyumba ile. Mkasema yupo."

"Yupo," alisema Immakulata. "Ndiye huyo."

Celina aliokota majani. Hakwenda jikoni. Immakulata alimfuata hadi kona, akamwona akivuka uani moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Mzee Byabato, akapiga magoti, akasema sikioni mwake. Ilichukua chini ya dakika moja. Mzee Byabato hakugeuka.

Datius aliporudi na baba yake, Immakulata alimnyoosha kola ya shati.

"Wanajua," alisema kwa sauti ya chini. "Yule shangazi amemwambia mzee."

"Amemwambia nini?"

"Alichokiona."

*

Kahawa ililetwa saa nane na dakika hamsini, katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Kwa kawaida binti huizungusha. Safari hii Mzee Byabato aliinuka mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, miaka themanini na kitu, kofia ya kijivu. Datius alipiga goti kupokea.

"Waitu," alisema kwa heshima.

"Chukua, mwanangu. Kahawa ya Kagoma haing'oi meno."

Datius alichukua moja.

"Moja? Unajipimia?"

Alichukua tatu. Aliziweka mdomoni, akazisogeza shavuni. Byabato aliendelea kusimama mbele yake na kikapu, akitazama mdomo, na watu wote wa turubai ya wenyeji walitazama alikokuwa anatazama mzee. Datius alizitafuna. Ganda lilipasuka, uchungu ukaenea, na koo likaanza kukauka hapo hapo, kama alivyoambiwa.

"Sasa ni vizuri," alisema Byabato akarudi kukaa.

Muharami alizima kipaza sauti. Mlango wa nyumba, ambao Lilian alikuwa nyuma yake na wenzake, ulifungwa. Mpiga picha wa video alisogea. Datius alipewa mkuki wa nyumba ya Kaijage, uliokuwa umefungwa kwenye kitambaa cha khaki cha duka la Laxmidas. Aliufungua, akatembea hadi katikati ya nyasi.

Alifika. Alisimama na miguu yote miwili. Mkanda ulimbana. Moja, mbili, tatu.

Alisema kwa Kihaya, na mtu mwenye baiskeli alishusha mguu kutoka kwenye kanyagio.

"Mimi nisiyeitwa mara mbili! Mimi mwana wa Kaagya, kwa Kaijage! Nilivuka Kagera maji yakiwa kidevuni! Bunduki juu ya kichwa, risasi mdomoni!"

"Eee!" walijibu wa upande wake.

Alisonga hatua, mkuki mbele. Mstari wa sita, wa saba. Neno la mwisho kama namba. Alitazama kofia ya kijivu. Mafunjo yalikatwa, watu arobaini wakapita. Wazee wawili wa upande wa bibi harusi, waliowahi kumsikia Kaijage mwenyewe, walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Mstari wa kumi na mmoja, kipande cha ganda kilishika kooni. Wa kumi na mbili ulitoka na mkwaruzo.

"Mimi nisiye..."

Kofia ya kijivu haikutikisika. Chini ya kofia, bila kukusudia, aliyaona macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanasubiri, kama mkulima anayejua uzito wa gunia lake kabla halijawekwa kwenye mizani.

Video inaonyesha kwamba Datius alinyamaza kwa sekunde kumi na moja. Katika sekunde ya nne mtu alicheka. Katika ya saba Muharami aliinua kipaza sauti karibu na mdomo. Joackim alifunika uso. Datius hakutazama chini wala hakusema samahani. Mstari ulikuwa kichwani mwake mzima, neno kwa neno, ila mdomo haukuwa na mate ya kuutoa. Alipiga mkuki ardhini.

"Mimi," alisema, "ni karani wa mizani."

Kicheko kilipanda.

"Gunia lako likiwa sitini, nasema sitini! Likiwa hamsini na tisa, nasema hamsini na tisa! Hakuna aliyeibiwa gramu na mkono huu!"

"Ni kweli," ilisema sauti ya mtu wa Kaagya.

"Nina mzigo mmoja usioingia stoo. Nimeupima. Kilo hamsini na nne!" Sauti ilikuwa imekauka, lakini neno la mwisho lilifika kwa mtu wa baiskeli. "Mara nne kwa siku! Hatua kumi na tisa kwenda! Hatua kumi na tisa kurudi! Miezi ishirini na miwili! Sijauangusha!"

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hakuna mtu wa zahanati. Hajawahi kuwepo. Aliyevuka Kagera, mimi ndiye ninayembeba! Mimi ndiye ninayemwosha! Mwana wa Kaijage, Datius!"

Aliinua mkuki, akaurudisha chini. Hakukuwa na mstari mwingine.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja wa turubai ya wenyeji alisema "Mae!" akaziba mdomo. Joackim alikuwa amesimama, haijulikani tangu lini. Mzee Kaijage alikuwa mwekundu wa macho, mkono wa kushoto umeshika fimbo kwa juu.

Mzee Byabato aliinuka.

"Una shahidi?"

"Ninaye, waitu. Yule pale."

"Hasemi."

"Anagonga. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana."

Byabato alivuka nyasi hadi kwenye kiti chenye mikono. Aliinama, mikono magotini, akamsalimu.

"Kaijage, milembe. Mimi nilikusikia ukijigamba Kanazi, mwaka ule wa mvua nyingi. Ulisema hujabebwa na mtu ila mama yako. Huyu mwanao anasema anakubeba. Sitaki kusikia kutoka kwa mwingine. Ni kweli?"

Kaijage alimtazama Byabato, akamtazama Datius, akatazama mlango uliofungwa. Fimbo ilipanda, ikashuka kwenye mguu wa kiti.

Moja.

Kisha ikapanda tena.

Immakulata, nyuma, alishika kiti kilichokuwa mbele yake. Fimbo ilikaa hewani, ncha ikitetemeka, kwa muda ambao watu wote uani waliweza kuuona. Mkono wa kushoto ulianza kuchoka. Kaijage aliishusha fimbo taratibu, bila sauti, akailaza mapajani na kuuweka mkono juu yake.

"Moja," alisema Mzee Byabato. Alijinyoosha, akageukia nyumba. "Celina. Fungua."

Mlango ulifunguliwa saa tisa na dakika kumi na sita. Lilian alitoka amefunikwa, shangazi yake upande wa kushoto, na vigelegele vilivyokuwa vimezuiliwa vilipigwa vyote kwa pamoja, hadi Muharami akalazimika kusubiri.

Saa kumi na dakika tano, magari yakiwa yamewashwa, fimbo iligonga mguu wa kiti mara tatu. Datius aliweka mkuki chini. Joackim alikuwa amewahi. Alikuwa ameinama mbele ya kiti na suti yake ya harusi, mikono imefunguka, hajui aanzie wapi.

"Mmoja mgongoni," alisema Datius. "Mwingine chini ya magoti. Usimvute bega la kulia."

Joackim alimwinua, akayumba, akatulia. Turubai zote mbili zilikuwa bado zimejaa watu. Mzee Kaijage hakufumba macho. Lilian alishika mlango wa gari. Kutoka kwenye kiti hadi hapo zilikuwa hatua thelathini na moja.